Fidla kumi na sita, sauti moja: maswali yenu kuhusu kazi ya okestra

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba kazi yangu ni kupiga fidla ya pili (lile kundi linaloziunga mkono fidla za kwanza) kwenye okestra ya jumba la opera, mji mmoja wa kawaida huku Ujerumani. Sikutegemea kama ningeletewa maswali mengi hivi. Kuna mzee mmoja kaniuliza kama napiga na ngoma. Hapana mzee wangu, ila siku moja moja natamani. Haya, nimechagua machache, mengine tutayaona mbele ya safari.

Shikamoo dada. Nina miaka 19, niko Mombasa, nimemaliza gredi ya 8 ya ile mitihani ya Waingereza na napiga kanisani na kwenye harusi. Kila mtu ananiambia niko vizuri. Nataka kuingia okestra kubwa ya Ulaya, naanzia wapi na wanachagua watu vipi? – Kijana wa Kisauni

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa gredi ya 8, najua jasho lake, hasa kwa kwetu ambako mwalimu mmoja wa fidla anagombaniwa na mji mzima. Ila nikwambie mapema usije ukanilaumu baadae: gredi ya 8 ni ya kukuingiza darasani, kazini bado. Wenzako wa huku wengi walishikishwa fidla wakiwa na miaka minne mitano. Kuna utafiti wa 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa fidla wa Berlin, wale waliokuwa bora kabisa walikuwa wameshapita kwa wastani masaa 10,000 ya mazoezi ya peke yao wanapofika miaka 20. Mimi sikufikisha, na niko kazini, kwahiyo usiifanye hiyo namba kuwa msahafu, lakini upate picha unakimbia na nani.

Kwahiyo kwanza ni chuo. Ujerumani vyuo vya muziki vya serikali vingi havitozi ada ya masomo, ila vipo vinavyotoza, kama vya jimbo la Baden-Württemberg ambalo toka 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Usishangilie haraka, kwasababu ili upate viza unatakiwa uonyeshe una pesa ya kuishi, na kuanzia 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka zikiwa zimekaa kwenye akaunti maalum unayotoa kidogo kidogo kila mwezi. Hapo ndo ndoto nyingi zinapofia, sio kwenye vidole. Tafuta skolashipu mapema. Na unaingia kwa kupiga mbele ya walimu, cheti chako cha gredi hakuna atakayekiomba.

Sasa odisheni yenyewe, yaani ule usaili wa kupiga mbele ya jopo. Nafasi moja ikitangazwa yanakuja maombi hata mia na kitu, wanaitwa labda thelathini. Unapanda treni usiku, unafika, unapewa namba, unaingizwa chumba chenye watu kumi wote wanapiga Mozart kwa wakati mmoja kila mtu kivyake, kelele ya soko la Kongowea jumamosi. Kwasababu karibu kila mahali raundi ya kwanza ni Mozart, konseto (muziki wa fidla moja inayoongoza mbele ya okestra) ya 4 au ya 5, mwanzo wake tu, dakika kama mbili tatu. Mozart ni mweupe mno hana pa kujificha, kidole kikiteleza kidogo kila mtu kasikia. Wakikupenda unarudi kwa konseto kubwa, Brahms au Tchaikovsky au Sibelius, alafu wakizidi kukupenda ndo vile vipande vya okestra, mistari migumu iliyotolewa ndani ya simfonia na opera, kama ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Strauss ambao nimeupiga mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu kamili. Na baada ya yote hayo inatokea kabisa wakasema asanteni sana, leo hatujachagua mtu. Yaani hakuna mshindi, nyote mnarudi kwenye treni.

Mimi nilipata kazi odisheni ya 17. Ya 16 nilipiga vizuri kuliko ya 17, mpaka leo sijaelewa.

Na ukishinda bado hujaajiriwa moja kwa moja. Unawekwa kwenye majaribio, kawaida mwaka mmoja, mwishoni wanamuziki wenzako wanakupigia kura. Hiki ndo kipindi ambacho watu wa kwetu hatuambiwi. Kwenye odisheni walitafuta mtu anayepiga peke yake kama nyota, sasa wanataka kujua kama unaweza kuacha kuwa nyota. Fidla za kwanza okestra kubwa wanakaa 16, za pili 14, na kazi ni isikike fidla moja nene. Msikilizaji akinisikia mimi, nimeshaharibu.

Nilijifunza hili vibaya. Wiki yangu ya pili, mazoezi ya Simfonia ya 5 ya Beethoven, ile ambayo hata simu za watu zinailia. Watu hawajui kama ile simfonia haianzi na nota, inaanza na kimya, kipande kidogo cha kupumzika kabla ya ta-ta-ta-taaa, kwahiyo fimbo ya kondakta, yule anayeongoza okestra, inashuka halafu hakuna sauti. Na okestra za Kijerumani zina desturi ya kuchelewa nyuma ya fimbo, wao hawaingii fimbo ikigonga, wanaingia pale wote wanapohisi. Hakuna aliyeniambia. Fimbo ikashuka, mimi nikaingia. Peke yangu, kwa nguvu, ta-ta! Ukumbi mzima kimya. Yule mzee ninayekaa naye stendi moja hakugeuka hata kunitazama, alichukua penseli akachora miwani juu ya nota ya kwanza. Huku alama ya miwani kwenye nota maana yake fumbua macho. Nikaacha kuangalia fimbo, nikaanza kuangalia bega la aliye mbele yangu. Mpaka leo naingia kwa bega la mtu.

Kwahiyo Kijana wa Kisauni, kabla hata ya viza, tafuta pa kupiga na watu wengine kumi, ishirini, hata kama wanapiga ovyo. Harusi inakuzoesha kusikika. Unahitaji pia mahali pa kukufundisha kutosikika, na ukisogea Nairobi zipo okestra za vijana zinazofanya kazi hiyo.

Habari mwalimu. Binti yangu ana miaka 15 anataka hii kazi badala ya uhasibu. Swali la mzazi: inalipa? – Baba Neema, Dodoma

Salama baba, na sio swali baya kabisa. Jibu ni inategemea mno unakaa wapi. New York Philharmonic kwa mkataba walioupata 2024 kima cha chini cha mshahara kinapanda hadi dola 205,000 kwa mwaka ifikapo msimu wa 2026-27. Umesoma vizuri, kima cha chini. Lakini hiyo ni okestra moja na nafasi zake zinafunguka mtu akistaafu au akifa. Marekani hiyo hiyo kuna wanamuziki wanaolipwa kwa kila zoezi na kila shoo, leo mji huu kesho mji ule, wanaishi barabarani kama madereva wa Tunduma. London nako okestra kubwa kama London Symphony zinaendeshwa na wanamuziki wenyewe na wapigaji wamejiajiri, hupigi hulipwi.

Ujerumani ndo mahali pa mtu anayetaka kulala usingizi. Okestra kama 130 zinazolipwa na serikali na miji, mkataba wa pamoja, bima, pensheni. Hautakuwa tajiri, utakuwa kama mwalimu mwenye cheo. Ila hesabu ya siku iko hivi: mazoezi saa nne asubuhi mpaka saa saba, unarudi nyumbani, unapika, alafu saa moja na nusu jioni uko tena ndani ya shimo la opera, pale chini mbele ya jukwaa okestra inapokaa, mpaka saa nne usiku, na Wagner akiwa na hasira zake mpaka karibu saa sita. Jumapili kazini, Krismasi kazini. Harusi za ndugu zako nyingi utaziona kwenye WhatsApp.

Na kuna gharama ambayo mhasibu hana: fidla yenyewe ni ya kununua mwenyewe. Sisemi za Stradivari, hizo ni habari za matajiri, moja inayoitwa Lady Blunt iliuzwa 2011 kwa dola milioni 15.9. Nasema fidla ya kawaida ya kazi, na upinde wake, ambao peke yake unaweza kukutoa bei ya gari. Wenzangu wengi wana mkopo wa fidla kama wengine walivyo na mkopo wa nyumba. Mimi wangu uliisha mwaka jana nikachinja kuku.

Nikuchekeshe kidogo. Mwaka 2004 wapigaji fidla 16 wa okestra ya Beethoven ya mji wa Bonn walidai waongezwe pesa kwasababu wanapiga nota nyingi kuliko wenzao wa filimbi na tromboni. Wapiga tromboni nao wangeweza kujibu, na sisi tukikosea nota moja nchi nzima inasikia. Wote wana hoja ukiniuliza mimi, ila kwenye opera ya Wagner ikifika saa ya tatu mkono wa kulia umekufa ganzi nawaunga mkono watu wa Bonn kwa asilimia mia.

Kwa binti: uhasibu unaweza kuuanza na miaka 25. Fidla hapana.

Dada naomba nikuulize, mimi napiga fidla ya taarab Unguja mwaka wa nane sasa. Rafiki yangu mzungu kaniambia nishachelewa kwa classical na mkono wangu umeshaharibika. Kweli? – Mpiga fidla wa Mwembetanga

Huyo rafiki mwambie aje apige bayati, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu, kwenye bendi yenu tuone mkono wa nani umeharibika.

Ila tuseme ukweli wote. Sikio lako limefunzwa kusikia vituo ambavyo kwenye piano havipo, ile sauti ya katikati ya rasti, ngazi nyingine ya Kiarabu, ambayo si juu si chini, hicho ni kitu wenzangu hapa kazini hawakisikii kabisa, nikiwapigia wanadhani fidla imepoteza tyuni. Hilo sikio ni mtaji. Mkono wa upinde nao unarekebishika, ni mwaka mmoja wa mwalimu mkali na nyuzi tupu mbele ya kioo.

Kigumu kiko kwingine. Kwenye taarab fidla nne zikipiga wimbo mmoja kila mmoja anatia nakshi yake, huyu anateleza, yule anatetemesha, mwingine anajibu, na utamu wenyewe uko pale pale kwenye kupishana. Mpigaji asiyetia chochote mnamwita mkavu. Huku kinyume chake. Nota ikiandikwa nyeupe unaipiga nyeupe, ukitia nakshi moja tu isiyoandikwa watu kumi na tatu wanageuka. Nina mwenzangu mmoja kutoka Cairo, kafundishwa fidla ya kwao utotoni, yeye anasema miaka miwili ya kwanza ilikuwa kama kukaa sebule ya wakwe, kila kitu kizuri ila huwezi kukunja miguu. Kaizoea. Usiku nyumbani kwake anashusha nyuzi mbili za juu afunge fidla kwa tyuni ya Kiarabu, sol re sol re, ndo apumue.

Kama unataka kujaribu bila kuvunja benki, hapo hapo Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, kipo toka 2002, uliza kama wana mwalimu wa nota kwa sasa. Kusoma nota kwa haraka ndo kitu cha kwanza kitakachokukwamisha, sio mkono. Ila pia, na hili nasema kama shabiki tu, wapiga fidla wazuri wa okestra wapo maelfu. Wa taarab mko wangapi?

Je ni kweli wanachagua nyuma ya pazia? Mtu mweusi ana nafasi kweli au tunadanganyana? – Asiyetaka jina, Nairobi

Pazia lipo kweli. Unapiga nyuma ya kitambaa au ubao, jopo hawakuoni, sehemu nyingine wanatandika zulia ili wasisikie kama ni kiatu cha kisigino, na kuna wadada wanavua viatu kabisa. Wamarekani ndo walilishikilia sana kuanzia miaka ya 70. Okestra zao kubwa tano mwaka 1970 zilikuwa na wanawake chini ya asilimia 5, kufika miaka ya 90 mwishoni ilikuwa asilimia 25. Wachumi wawili, Claudia Goldin na Cecilia Rouse, waliandika mwaka 2000 kwamba pazia limechangia. Goldin ni huyu aliyepata Nobel 2023.

Kwa weusi pazia limefanya kidogo sana. Sanford Allen, mpiga fidla, ndo mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wa kudumu wa New York Philharmonic, 1962, na miaka zaidi ya hamsini baadae, takwimu za 2014, weusi kwenye okestra za Marekani walikuwa asilimia 1.8. Kwasababu pazia linafunika siku ya mwisho tu. Halifuniki nani alikuwa na mwalimu akiwa na miaka mitano, nani alikuwa na pesa ya tiketi ya odisheni kumi na saba. Huku Ujerumani mara nyingi pazia linaondolewa baada ya raundi ya kwanza, raundi za mwisho wananiona vizuri tu, nywele na kila kitu.

Na ile habari ya kuchanganyika, yaani sauti zote kusikika kama fidla moja, niliyoisifia hapo juu, ina upande wake mbaya. Berlin Philharmonic, iliyoanzishwa 1882, ilipata mwanamke wa kwanza 1982, mpiga fidla Madeleine Carruzzo kutoka Uswisi. Muda mfupi baadae kondakta wao Karajan akamtaka Sabine Meyer wa klarineti, okestra ikapiga kura 73 kwa 4 kumkataa, sababu waliyotoa eti sauti yake haichanganyiki na wenzake. Meyer akaondoka akawa mmoja wa wapiga klarineti maarufu duniani. Kwahiyo ukiambiwa huchanganyiki, inaweza kuwa sauti kweli, inaweza kuwa kitu kingine, na kwenye kura ya siri hutajua. Mimi kura yangu ilipita kwa kura mbili za ziada. Naishi na hao watu, nakunywa nao kahawa, sijui nani ni nani, na nimeamua sitaki kujua.

Swali lako ni kama tunadanganyana. Hatudanganyani, nipo. Ila niko peke yangu kwenye okestra yetu.

Nikipiga masaa mengi shingo inauma na sikio la kushoto linavuma. Kawaida? – Faith, Eldoret

Alama nyeusi chini ya taya kushoto ni kawaida, sote tunayo, hospitali kuna daktari alidhani nimepigwa. Maumivu si kawaida. Bega likiuma simama siku hiyo hiyo, usisubiri, nimeona mtu akipoteza mwaka mzima kwa kujikaza. Sikio kuvuma nako ni ishara, fidla iko sentimita chache tu toka sikio la kushoto. Hapa Ulaya sheria inamtaka mwajiri achukue hatua kelele zikifika desibeli 85, na nikikaa mbele ya tarumbeta nafika hapo bila shida. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, sio pamba. Na nenda kapime, tafadhali, usiniandikie tena mimi kabla hujapima.

Nimeletewa fidla toka Tanga kuja Sweden, baridi ilipoanza vigingi vinajifungua vyenyewe na imetoa ufa. Fundi wa Tanga kaniuzia mbovu? – Hamisi

Usimsingizie fundi. Mbao ya pwani imeshiba unyevu, ukaileta kwenye nyumba ya hita, imekauka na kusinyaa. Vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea, gundi inaachia. Gundi ya fidla inatengenezwa kwa ngozi ya mnyama na inaachia kirahisi makusudi, ili iachie yenyewe kabla mbao haijapasuka. Kama ufa uko kwenye ukingo, pale ubao unapokutana na ubavu, ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Kama uko kwenye tumbo la fidla, legeza nyuzi kidogo leo na usiiguse mpaka fundi aione. Weka kipima unyevu ndani ya kasha, asilimia 45 mpaka 55 hivi. Na isikae karibu na hita, jamani.

Kwanini wote pinde zenu zinaenda juu na chini pamoja? Mnaambiana? – Mtoto wa darasa la nne, Moshi, kaandika na mama

Swali zuri kuliko yote humu. Ndio tunaambiana, kwa penseli. Yule anayekaa kiti cha kwanza kabisa ndo anaamua hapa upinde unashuka, hapa unapanda, anachora kialama juu ya nota, wa nyuma yake anakopi, na wa nyuma yake, mpaka mwisho. Kesho akibadilisha mawazo tunafuta wote. Kwa hiyo kila mpiga fidla ana penseli na kifutio, na kwenye kila stendi watu wawili wanasoma karatasi moja, yule wa ndani, wa upande wa mbali na watazamaji, ndo anafunua kurasa. Mimi nakaa ndani. Nikifunua haraka mzee anaguna, nikichelewa anaguna.

Hizo karatasi ni za zamani, zimepita mikononi mwa watu wengi sana. Kila Desemba tunapiga Hänsel und Gretel, opera ya watoto waliopotea msituni, imeanza kuchezwa 1893, na kwenye ukurasa wa mwisho wa karatasi yetu wapiga fidla waliotangulia wameandika kwa penseli tarehe walizopiga na ilichukua dakika ngapi, mmoja baada ya mwingine, mwandiko wa kila aina, mmoja kaandika tu theluji. Desemba iliyopita mzee alinipa penseli akaniambia zamu yako. Nikaandika tarehe, na chini yake kwa Kiswahili: kondakta leo kakimbia, kapunguza dakika nne, tumewahi basi.